Upasuaji wa masikio ya mtoto: ni nani hasa anayelalamika?

 

Ndugu wasomaji, mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ilipotangaza kuanza huduma ya upasuaji rekebishi wa urembo, mazungumzo ya barazani yalielekea moja kwa moja kwenye matumbo na maungo ya watu wazima. Wapo waliocheka, wapo waliolaani, na jambo likapita. Lakini lipo swali lililobaki majumbani ambalo halikupata nafasi katika kelele zile. Linahusu watoto, tena kiungo ambacho hakuna aliyekitaja: sikio.

Swali hilo limetufikia kutoka Mabibo, si mbali na soko la Mahakama ya Ndizi. Mama mmoja ana mtoto wa kiume wa miaka sita ambaye masikio yake yamejitokeza nje kuliko ilivyozoeleka. Mtaani wamempachika jina la "Dishi", na jina hilo limemfuata hadi madrasa. Mama anataka mwanawe apasuliwe kabla ya kuanza darasa la kwanza Januari ijayo. Baba amekataa katakata, akisema huko ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu. Wametuomba tuseme nani kati yao ana haki. Kwa maoni yetu kila mmoja ameshika sehemu ya haki, ila wote wawili wamemsahau mwenye masikio.

Tuanze na hoja ya baba, kwa sababu si hoja ya kupuuzwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatueleza ahadi ya shetani ya kuwaamrisha watu wabadili maumbile Yake. Na katika hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wenye kuchanja ngozi kwa nakshi na wenye kuachanisha meno kwa ajili ya urembo. Lakini Imamu Nawawi, alipoisherehesha hadithi hiyo, alisimama kwenye maneno hayo ya mwisho, "kwa ajili ya urembo", akabainisha kuwa anayefanya hivyo kwa haja ya tiba au kwa kasoro iliyopo hamo katika lawama hiyo. Tena wanavyuoni hukumbusha kisa cha Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alitia pua ya fedha ikaoza na kunuka, ndipo Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Suala hili halikuachwa kwenye vitabu vya kale tu. Julai 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, na katika azimio lake namba 173 likatenganisha mambo mawili. Kurekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo au iliyoletwa na ajali, ikiwa inamdhuru mtu mwilini au nafsini, kunaruhusiwa. Kubadili sura iliyo sawa kwa kufuata matamanio au kuiga watu fulani hakuruhusiwi. Baraza likaweka na masharti: daktari awe mtaalamu, madhara yasizidi manufaa, mgonjwa aelezwe hatari zake, na pawe na ridhaa yake au ya walii wake.

Basi mzee wetu wa Mabibo asiufunge mlango wote. Hata hivyo mama naye asiukimbilie. Azimio linazungumzia madhara katika nafsi, na hapo ndipo umri unapoingia, kwa maana nafsi ya mtoto haimdhuru kwa sababu mamake anaona haya mbele ya majirani.

Mtoto mchanga ana hukumu yake. Katika wiki za mwanzo gegedu la sikio huwa laini kwa sababu ya homoni alizozipata kwa mama yake, na madaktari wanaweza kulinyoosha kwa kifaa maalumu bila kisu chochote. Muda huo ni mfupi. Gegedu likishakaza, nafasi imekwisha. Anayeona sikio la mwanawe limekunjika na amwoneshe daktari mapema. Tunasisitiza daktari, wala si kumbandika mtoto plasta au kumfunga kitambaa nyumbani kwa ushauri wa shoga, kwani ngozi yake huchubuka na kutunga usaha.

Umri wa pili ndio wa mtoto wetu huyu. Madaktari wengi hawapasui sikio lililochomoza kabla ya miaka mitano au sita, kwa kuwa hapo ndipo sikio linapokuwa limekaribia ukubwa wa sikio la mtu mzima na gegedu lake linaweza kushika nyuzi. Watu husikia hivyo wakadhani kuwa miaka sita ni amri. La hasha. Huo ni mwanzo wa kuruhusiwa, wala si mwisho wa nafasi. Upasuaji huu hufanyika hata kwa mtu wa miaka arobaini. Tena kwa mtu mzima mara nyingi ganzi hutosha, ambapo mtoto mdogo hulazimika kupewa dawa ya usingizi, nayo ina hatari zake hata kama ni ndogo. Baada ya hapo hufungwa bandeji, na kwa wiki kadhaa hatakiwi kucheza michezo ya kugongana. Mtoto asiyeona sababu ya mateso hayo atang'oa bandeji usiku wa kwanza.

Ndiyo maana tunasema aulizwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa kwetu Tanzania inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na fiqhi yetu inautambua umri wa kupambanua, unaokadiriwa kuanzia miaka saba. Walii ana mamlaka ya kuridhia, lakini mamlaka hayo amepewa kwa maslahi ya mtoto. Mtoto akilia kwa ajili ya masikio yake na kukataa shule, hilo ni dhara. Akiwa hana habari nayo, basi mgonjwa ni mwingine.

Na hapa hatuna budi kuwasema wenzetu wa madrasa. Suratul Hujuraat, aya ya 11, imekataza dharau na kuitana majina ya kejeli. Inakuwaje mtoto aisome aya hiyo asubuhi, kisha mchana aitwe Dishi mbele ya ustadhi, na ustadhi atabasamu? Kabla ya kumpeleka mtoto kwa mpasuaji, mzazi aende kwanza kwa mwalimu.

Lipo jambo moja ambalo halingoji ridhaa ya mtoto. Akizaliwa na sikio dogo lisilokamilika, au tundu lililoziba, apimwe usikivu mapema, kwa kuwa asiyesikia huchelewa kusema. Kuliunda upya sikio lenyewe, kwa gegedu la mbavu, husubiri mpaka afikishe miaka minane au kumi hivi, mbavu zitakapokuwa zimetosha.

Vipi kuhusu mabinti? Kutoga masikio ni desturi yetu ya pwani tangu enzi za bibi zetu waliovaa majasi, na wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walivua herini zao siku ya Idi wakazitoa sadaka katika nguo ya Bilal (R.A.). Imamu Ghazali hakupendezwa na kumtoboa mtoto, Ibnul Qayyim aliliruhusu kwa wasichana. Sisi tunaongeza la kitabibu: ngozi zetu nyeusi huelekea sana kuota kovu nene linalopita mipaka ya jeraha, yaani keloidi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionesha kuwa makovu hayo huwapata zaidi wanaotogwa baada ya miaka 11. Familia yenye makovu ya aina hiyo imwachie binti masikio yake salama, na imzuie dukani kutoboa tundu la pili na la tatu. Keloidi ikikatwa tu bila matibabu mengine hurudi mara nyingi, na mara nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Onyo hilo linamhusu na mvulana anayepelekwa kwa mpasuaji.

Tuliwaandikia wazazi wale wa Mabibo kwa muhtasari haya tuliyoyaeleza, wakamuuliza mtoto. Mama ametujulisha jibu: alitaka kujua kwanza kama ataruhusiwa kucheza mpira akiwa na bandeji. Alipoambiwa hapana, akasema basi. Ataanza shule Januari na masikio yake, na wazazi wamekubaliana kumuuliza tena kabla ya likizo ya Desemba itakayofuata. Baba yake amekwisha kuonana na ustadhi.