Tiketi ya kurudi inunuliwe kwanza

Jioni ya tarehe 4 Januari 2026 tulikuwa tumeketi kwenye baraza ya kahawa hapa jirani na Chimwaga, wazee kwa vijana, tukiitazama Taifa Stars ikitolewa na Moroko kwa bao moja kwa bila mjini Rabat. Hakuna aliyeondoka kwa hasira. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yetu kuvuka hatua ya makundi katika Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na ilivuka kwa pointi mbili tu, moja yake ikiwa imeletwa na bao la Feisal Salum, kijana wa Visiwani, dhidi ya Tunisia. Basi kila kamera ilipoelekezwa majukwaani tulikuwa tukitafuta bendera yetu katika bahari ile ya jezi nyekundu, na tulipoiona tuliipigia makofi kana kwamba yenyewe ndiyo imefunga.

Kijana mmoja aliuliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike haya leo. Alisema, "Wale walioko kule ni akina nani, na wamepataje?" Mzee aliyekuwa akigawa kahawa akamjibu kwamba wale ni wakubwa. Watu wakacheka, lakini sisi hatukuona kichekesho. Ikiwa imefika mahali mwananchi wa kawaida anaamini kwamba kuishangilia timu ya taifa lake ugenini ni haki ya wakubwa peke yao, hapana budi jambo hilo lisemwe wazi, na lisemwe mapema. Fainali za mwaka 2027, ambazo tarehe 27 Septemba 2023 zilikabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, zimeuleta ugenini huo mlangoni petu.

Vijana wasidhani kwamba wazazi wao walikosa mapenzi na timu. Tarehe 26 Agosti 1979, pale Ndola, bao la Peter Tino lilipoipatia Tanzania sare ya 1–1 na Zambia na kuipeleka kwenye fainali za Lagos za mwaka 1980, nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani Uganda. Fedha za kigeni zilikuwa zikitolewa na Benki Kuu kwa kupimwa, kama dawa ya sindano, na kila mwenye akili alikubali kwamba dawa za hospitali na vipuri vya viwanda vitangulie kabla ya mshabiki wa kandanda. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, ukaja kufunguliwa Novemba 1983, kwa hiyo hata Nairobi, ambayo mtu wa Arusha huifikia kabla chakula chake cha asubuhi hakijamtoka tumboni, ilikuwa mbali kuliko Lagos. Watu wa wakati ule walisafiri kwa masikio. Waliizunguka redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na mtangazaji ndiye aliyekuwa basi lao, meli yao na tiketi yao.

Leo vikwazo vile havipo tena. Mtanzania huingia Kenya na Uganda bila viza. Fedha za kigeni hununuliwa dukani mchana kweupe. Kilichobaki ni umaskini wetu wenyewe na, tuseme ukweli, mazoea yetu ya kupanga safari siku tatu kabla ya mchezo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua jambo hili zaidi yetu. Kwa mtu wa kisiwani hakuna safari ya mpira isiyoanza kwa kuvuka maji. Hata mchezo wa Dar es Salaam kwake ni nauli ya boti, ni kulala, na ni kurudi. Tarehe 17 Desemba 2017 Zanzibar Heroes ilicheza fainali ya Kombe la Chalenji na Kenya uwanjani Machakos. Mchezo uliisha 2–2, Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Wazanzibari waliokuwapo Machakos siku ile walikuwa wamevuka bahari na mpaka pia. Mwaka huo huo Zanzibar ilipewa uanachama wa Shirikisho la Soka la Afrika mwezi Machi, ikapokonywa mwezi Julai. Kwa hiyo katika mashindano ya Afrika ya mataifa Mzanzibari hana bendera nyingine ya kuifuata ila ile ya Taifa Stars, na yeyote anayepanga mambo ya washangiliaji akamsahau mtu wa Visiwani anakuwa amemdhulumu mara mbili.

Wakati mwingine mambo hugeuka. Tarehe 25 Mei 2025, Simba iliporudiana na RS Berkane ya Moroko katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mchezo ulipelekwa Uwanja wa Amaan, na safari hii watu wa Bara ndio waliojipanga foleni bandarini. Wengi waligundua siku ile kwamba boti haingoji dakika za nyongeza. Tulimsikia mwenzetu mmoja akilalamika kwamba bei ya kitanda mjini Unguja ilimshinda akalala barazani. Tulimjibu kwamba mtu wa Pemba hulala hivyo hivyo Dar es Salaam kila mwaka na hakuna gazeti linalomwandika.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndipo mapenzi mengi yanapofia. Mvuvi, mama ntilie au karani wa chini akiweka shilingi 2,000 kila siku kwa siku 300, atakuwa na shilingi 600,000. Fedha hiyo haimpeleki mtu Rabat, lakini kwa basi na kwa mkeka wa kulalia inamsogeza Nairobi au Kampala na kumrudisha. Pasi ya kusafiria ya kielektroniki, kwa ada iliyowekwa ilipoanzishwa mwaka 2018, ilikuwa shilingi 150,000. Hiyo ni robo nzima ya akiba ile, na imekwenda kabla mtu hajakanyaga ngazi ya basi. Kwa anayesafiri mara moja, hati ya dharura ya safari ni nafuu zaidi, naye aulize habari zake Uhamiaji mapema badala ya kuuliza kwa dereva. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isisahaulike, kwa sababu mipakani ndipo watu huikumbuka, na hapo huikumbuka kwa gharama.

Njia zenyewe si siri. Mtu wa Unguja akishafika Dar es Salaam anaweza kupanda basi la Arusha, avuke Namanga. Au aende Tanga, avuke Horohoro hadi Mombasa, na kutoka hapo apande treni ambayo tangu mwaka 2017 inakwenda Nairobi kwa mchana mmoja. Sisi wa Dodoma, tangu barabara ya lami ya Kondoa na Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, tunaikabili Arusha moja kwa moja bila kuzungukia pwani. Na treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa nauli ya kawaida iliyotangazwa wakati ule ya shilingi 31,000, imewasogeza watu wa pwani kwetu kwa saa chache. (Hatuwashauri wapitie Dodoma kwenda Nairobi, huko ni kuzunguka. Ila wakija kutusalimu tutafurahi.) Anayekwenda Kampala anaweza kupitia Mwanza, ambako daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limemwondolea kungojea kivuko, kisha Bukoba na Mutukula.

Lakini akiba ya mtu isichanganywe na riziki ya watu wake. Tuliosoma chuoni kabla ya kusoma skuli tulifundishwa kwamba hata Hija, iliyo nguzo ya dini, haimlazimu asiyekuwa na uwezo wa njia, na kwamba katika uwezo huo ni kuwaachia watu wa nyumbani matumizi yao mpaka msafiri arudi. Ikiwa safari ya kwenda kwenye Nyumba Tukufu ina sharti hilo, safari ya kwenda kutazama watu ishirini na wawili wakigombea mpira mmoja italikwepaje? Tunamfahamu mtu wa kata moja hapa mkoani aliyeuza magunia mawili ya mtama kufuata timu yake nje ya nchi. Timu ilishinda. Alirudi akiimba, na mwezi wa pili wake mkewe alikuwa akikopa unga kwa majirani. Yule bwana hadi leo haelewi kwa nini watoto wake hawaipendi timu ile.

Liko na jambo zito kuliko mtama. Safari ya bei nafuu isiwe safari ya chombo kilichojaa. Visiwani halihitaji maelezo marefu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Mv Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama Mv Skagit ikitokea Dar es Salaam kwenda Unguja. Hawakuwa washangiliaji wa mpira wale, walikuwa wasafiri tu. Lakini siku ya mchezo mkubwa ndiyo siku ambayo kila nahodha hushawishika kuongeza watu ishirini, na kila dereva wa basi kuongeza vigoda katikati ya njia, na abiria wenyewe, kwa kuwa wana haraka na fedha yao ni ndogo, ndio wanaombembeleza. Maofisa wa bandari na wa usalama barabarani tunawaomba wawe wakali siku hizo hata wakizomewa. Sisi tutawatetea.

Kisha wako walanguzi. Kwa fainali za Moroko ilibidi mshangiliaji ajiandikishe kwa simu, katika programu iitwayo Yalla, apewe kitambulisho cha shabiki ndipo anunue tiketi. Utaratibu huo una faida zake, kwa sababu unamjua kila anayeingia uwanjani. Una hasara pia, kwa sababu mzee asiyekuwa na simu ya kisasa anamtafuta kijana wa kumjazia, na kijana mwingine ana ujanja kuliko uaminifu. Endapo utaratibu wa namna hiyo utaletwa kwetu, matawi ya washangiliaji, ofisi za shehia na ofisi za kata ziweke mtu mmoja wa kuwasaidia watu bure, na jina lake libandikwe ukutani. Fedha za kikundi zisikae mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe mwenyekiti, hata awe kada kama sisi. Ziwe na daftari, stakabadhi na watu watatu wa kutia saini. Na katika kununua tiketi za basi, ya kurudi inunuliwe kwanza. Anayekwenda kwa tiketi ya upande mmoja akitegemea ushindi utamrudisha ametufedhehesha mipakani mara nyingi mno.

Kwa ndugu zetu maofisa wa Serikali zote mbili tuna maneno machache, nao watayapokea kwa moyo ule ule tuliowaandikia. Kila timu inapokwenda nje huwa kuna msafara, na kila msafara huwa na watu ambao hawachezi, hawafundishi, hawatibu, wala hawabebi mipira. Hatusemi viongozi wasiende. Uwepo wa kiongozi huwapa vijana nguvu. Tunasema orodha ya msafara unaolipiwa na umma itangazwe, jina kwa jina na kazi kwa kazi, kabla ya kuondoka. Mwananchi aliyejinyima soda miezi kumi ili afike Nairobi ana haki ya kujua aliyeketi jukwaa la mbele ameketi kwa fedha ya nani.

Pili, Uhamiaji wasingojee watu waje Zanzibar mjini na Chake Chake wiki ya mwisho. Wafunge meza zao Micheweni, Mkoani, Makunduchi na Nungwi, kama hapa kwetu wanavyoweza kufunga Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, miezi sita kabla, wakiwa pamoja na watu wa vitambulisho vya taifa na wa vyeti vya kuzaliwa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Tatu, wenye boti, treni na mabasi waitwe meza moja wakubaliane tiketi moja ya kundi, kutoka Unguja au Pemba hadi mpakani. Stars ikivuka makundi huenda ikatakiwa kuvuka na mpaka, na hapo siku za kujipanga zitahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapa kwetu daftari limekwisha funguliwa. Hadi tunaandika haya, watu kumi na mmoja wametia majina na kila mmoja ametoa mchango wa wiki ya kwanza, akiwamo yule kijana aliyeuliza swali usiku wa Rabat. Wa kumi na mbili ni mzee mgawa kahawa. Ametoa fedha yake, lakini hana cheti cha kuzaliwa, na Jumatatu tunakwenda naye kuulizia.