Kemikali zaokoa chuma duni, taka zabaki kuwa mzigo

UTAJIRI wa chuma katika jimbo la Minas Gerais, Brazil, sasa unategemea kemikali kama unavyotegemea tingatinga. Mawe yaliyosheheni chuma yamezidi kupungua, na kampuni zimelazimika kugeukia itabiriti, mwamba ambamo chembe za himatiti, yaani madini yenye chuma, zimefungamana na mchanga wa kwatzi.

Ili kuzitenganisha, mwamba husagwa ukawa unga, ukatiwa maji na kupulizwa hewa. Hapo kemikali mbili ndizo huamua hatima ya kila chembe. Wanga, aghalabu wa mahindi, uliochanganywa na soda kali, huigandama himatiti na kuifanya ivutwe na maji, isielee. Amini nazo huing'ang'ania kwatzi na kuifanya iyakimbie maji, ikwee viputo na kuondolewa pamoja na povu. Kinachoelea ni uchafu; kinachobaki chini ndicho mali.

Mizani hiyo ni nyeti. Kazi hufanikiwa maji yakiwa na alkali, pH ya 10 hivi. Wanga ukipungua, chuma huelea na kutupwa. Amini zikipungua, kwatzi husalia na kushusha ubora. Tope laini mno nalo hufyonza kemikali, ndiyo maana huondolewa mapema.

Faida si haba: mwamba ambao chuma chake hakifiki nusu ya uzito wake hutoa bidhaa yenye chuma zaidi ya asilimia 65. Hata hivyo, kadiri mawe duni yanavyochimbwa kwa faida, ndivyo taka zinavyoongezeka kwa kila tani ya chuma.

Novemba 5, 2015, bwawa la Fundão karibu na Mariana, lililohifadhi taka za aina hiyo, lilipasuka. Watu 19 walifariki na tope likafuata Mto Doce hadi bahari ya Atlantiki. Wachunguzi walieleza kuwa mchanga uliojaa maji ulipoteza uthabiti na kutiririka. Januari 25, 2019, bwawa jingine la taka za chuma lilipasuka huko Brumadinho na kuua watu 270.

Mwaka 2020, sheria ya Brazil ilipiga marufuku mabwawa ambayo kuta zake huinuliwa juu ya taka zenyewe. Baadhi ya migodi sasa huchuja maji na kurundika taka zikiwa kavu, njia iliyo ghali zaidi.

Bei ya chuma haina budi kubeba gharama hiyo. La sivyo, watakaoilipa ni wanavijiji wanaoishi chini ya mabwawa.