Ndege ndogo kugongana uwanjani: tatizo ni redio, siyo barabara tu

Dereva anayepanda Shighatini anajua kona za milima ya Pare: hauoni mbele, unapiga honi, unasikiliza kama kuna anayejibu. Rubani kwenye kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege anafanya hivyo hivyo, ila honi yake ni redio. Anasema yuko wapi na anataka kufanya nini. Asiposikika vizuri, shida inaanza.

Novemba 19, 1996, kiwanja cha Quincy, Marekani, kilikuwa hakina mnara. Beechcraft 1900 ya abiria ilikuwa inatua, King Air ikajiandaa kuruka kwenye barabara nyingine inayokatiza ile ya kutua. Marubani wa Beechcraft waliuliza redioni kama King Air itasubiri. Aliyejibu alikuwa rubani wa ndege ya tatu, na sehemu ya maneno yake ikapotea kwenye kelele za king'ora. Wao wakadhani wamejibiwa na King Air. Watu wote 14 wa ndege hizo mbili walifariki.

Mnara nao siyo dawa kamili. Machi 9, 2000, huko Sarasota, Florida, mwongozaji alichanganya ndege moja ilipo, akairuhusu Cessna iingie barabarani mbele ya nyingine iliyokuwa inakimbia kuruka. Wanne wakafa.

Na zikigongana kubwa na ndogo, ndogo ndiyo huumia. Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024: watu 379 wa Japan Airlines walitoka wote hai, lakini kwenye ndege ndogo ya walinzi wa pwani walikufa 5 kati ya 6.

Huku kwetu tukio la karibu ni la Nairobi, ingawa lilitokea angani. Machi 5, 2024, Dash 8 ya Safarilink iliyobeba watu 44 kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo, muda mfupi baada ya kuruka Wilson. Dash 8 ilirudi salama. Mwalimu na mwanafunzi wake kwenye Cessna walipoteza maisha. Wilson inachanganya wanafunzi, watalii na ndege za abiria pamoja, na hapo ndipo penye hoja.

Tanzania ina viwanja vingi vidogo vya hifadhini, Mkomazi pale jirani na Same ikiwemo, na msimu wa watalii ukichanganya, ndege kadhaa hushuka karibu karibu. Kujenga mnara kila mahali ni gharama, haiwezekani leo wala kesho. Kinachowezekana ni nidhamu ya redio: kutaja namba ya ndege kila unapoongea, kusema uko sehemu gani ya kiwanja, na jibu likikatika, kuuliza tena ndege ikiwa imesimama.