KOSA LA DAMU LISIBEBESHWE MTU MMOJA



Majibu ya damu yakija kombo, mgonjwa husema mashine ya maabara imeharibika. Mkubwa wa kazi naye husema aliyechukua damu ni mzembe, na kesho yake barua ya onyo imekwisha pigwa chapa. Sisi twasema maneno yote mawili ni mepesi mno, na hilo la pili lina hatari kwa mgonjwa na kwa mfanya kazi pia.

Tutazame hesabu. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Padova, nchi ya Italia, wataalamu walichunguza makosa ya maabara yao ya vipimo vya haraka. Mwaka 1997 walitangaza kwamba katika vipimo 40,490 waliona makosa 189. Katika kila makosa 100, 68 yalitokea kabla damu haijapimwa. Ya upimaji wenyewe yalikuwa 13 tu, na 19 yalitokea baadaye, katika kutoa majibu. Mwaka 2007 walitangaza hesabu mpya. Makosa yalikuwa yamepungua, lakini 62 katika kila 100 bado yalikuwa ya kabla ya kupima. Basi shida kubwa haimo ndani ya mashine, imo njiani kutoka mkono wa mgonjwa mpaka maabara.

Makosa hayo ni ya namna gani? Mpira ukifungwa mkononi zaidi ya dakika moja, vipimo vingine hupanda bila ugonjwa. Damu ikichukuliwa karibu na dripu, huchanganyika na maji ya dripu. Ikivutwa kwa nguvu au kutikiswa, chembe zake hupasuka, potasiamu iliyomo hutoka, na daktari huogopea moyo wa mtu asiye na neno. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau huwa na dawa ya potasiamu ya kuzuia damu isigande. Damu yake ikimiminwa katika kichupa kingine, huleta uwongo ule ule. Damu ikikaa mezani saa nyingi, chembe hula sukari iliyomo, na mwenye ugonjwa wa sukari aweza kuambiwa hali yake ni nzuri.

Lakini kubwa kuliko yote ni jina. Tangu Karl Landsteiner alipoonyesha mjini Vienna mwaka 1901 kwamba damu za watu si za aina moja, twajua kuwa mgonjwa akitiwa damu isiyomfaa aweza kufa. Uchunguzi wa hospitali za nchi kumi, uliotangazwa mwaka 2003, uliona kwamba kichupa kimoja hivi katika kila 2,000 kilikuwa na damu ya mtu mwingine, si yule aliyeandikwa juu yake.

Kanuni ya kuzuia jambo hili ni fupi. Mwache mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, usimwulize, "Wewe ndiwe Otieno?" kwa maana mtu mwenye homa kali huitikia lo lote. Kisha andika kichupa pale pale kitandani, baada ya kuchukua damu. Lakini mwuguzi aliye peke yake usiku, na wodi imejaa, huandika vichupa vyote mezani kwanza ili aokoe wakati. Hapo ndipo kosa linapozaliwa, na aliyepanga zamu ile amelala nyumbani kwake.

Nchini mwetu, mwanzoni mwa mwaka 2018, watu wote walisikia habari ya mgonjwa aliyepasuliwa kichwa katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, kumbe aliyestahili kupasuliwa ni mwingine. Vibandiko vya majina vilikuwa vimebadilishana. Daktari na wauguzi wakasimamishwa kazi upesi. Sisi hatusemi asiulizwe mtu. Twasema kumsimamisha mtu hakuongezi mwuguzi wodini, na wenzake wakiona hivyo hujifunza kunyamaza. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Uingereza tangu mwaka 1996 wana mpango ambao hospitali hupeleka habari za makosa ya kutia damu, na taarifa hutolewa kila mwaka bila kutaja majina ya watu, ili wote wajifunze. Kama wao wameweza, kwa nini sisi tusiweze?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, zamu ziwe na watu wa kutosha, na vichupa na vibandiko visikosekane. Pili, kila mchukua damu afundishwe, na afundishwe tena, kwa gharama ya mwajiri. Tatu, anayetoa habari ya kosa mapema asiadhibiwe kwa sababu ya kusema kweli.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwanachama asiyemwuliza mgonjwa jina hawezi kujificha nyuma ya Chama. Na siku wewe mwenyewe ukiwa mgonjwa, ukiulizwa jina mara mbili usikasirike. Litaje lote, kisha utazame linavyoandikwa kwenye kichupa chako. Likiwa si lako, sema papo hapo.

UMOJA NI NGUVU.