Kasumbalesa: kufunga vijia vya baiskeli hakutoshi

Kwenye mpaka wa Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi, malori ya shaba hupanga mstari kuelekea Zambia. Pembeni, unga wa mahindi unaingia Kongo kwa kinga, kupitia vijia vya porini visivyofika kwenye duane.

Viongozi wanaviita njia za panya. Kwa wenye kinga, ni njia ya kutafuta chakula katika pori ambalo halina mwenyewe. Lakini sheria ya Julai 1973 iko wazi: udongo wa Kongo ni mali ya serikali. Tena, kutembea porini na kuvusha mali ni mambo mawili tofauti. Gunia lisilotangazwa ni magendo, hata kama kijia ni cha zamani.

Je, askari kwenye kila kijia watamaliza tatizo? Hapana. Agosti 2024, Zambia ilifunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, kisa Kongo kuzuia bia na vinywaji vingine kutoka nje. Mlango mkubwa ukifungwa, au ukiwa ghali, kijia ndicho kinachopata wateja.

Kongo na Zambia zote ni wanachama wa COMESA, ambayo ina utaratibu mwepesi kwa wachuuzi wadogo. Dirisha lao pekee mpakani, na bei za ushuru zibandikwe ukutani: hapo mwenye gunia mbili atakuwa na sababu ya kupita mlangoni. La sivyo, askari wa porini atageuka mtoza ushuru mwingine, na mama anayenunua unga Lubumbashi ndiye atakayelipa.