Homa Imekwisha, Maambukizi Bado

Mgonjwa wa malaria akimaliza dozi ya dawa mseto, homa ikashuka na hamu ya chakula ikarudi, sisi watumishi wa afya humhesabu kuwa amepona. Kwa mwili wake ni kweli. Kwa jirani zake, huenda si kweli.

Vimelea vingi vya Plasmodium falciparum vilivyomo katika damu huzaliana na kuleta homa. Vichache hugeuka kuwa gametosaiti, yaani vimelea vya kiume na vya kike, ambavyo havimletei mgonjwa dalili yoyote. Hukomaa kwa siku 10 hadi 12, vingi vikiwa vimejificha ndani ya uboho wa mifupa, kisha hurudi katika damu kumngojea mbu. Dawa mseto huua vile vya homa. Gametosaiti zilizokomaa zaweza kubaki kwa majuma kadhaa.

Ni nini hukigeuza kimelea hivyo? Jibu lilitoka maabarani, kwa kubadilisha vinasaba. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba jeni moja, AP2-G, ikiharibiwa, vimelea huendelea kuzaliana katika damu lakini haviundi gametosaiti, hivyo haviwezi kumwambukiza mbu. Wengine wamepandikiza jeni zinazokifanya kimelea king'ae, ili safari yake ionekane kutoka kwenye damu hadi ndani ya mbu.

Wapo wanaosikia habari hizi wakauliza: je, vimelea hivyo vikitoroka? Swali hilo si la kupuuzwa. Malaria haienei kwa hewa wala kwa maji, humhitaji mbu. Ndiyo maana mbu walioambukizwa kwa utafiti hufungiwa nyuma ya milango na nyavu kadhaa. Mtafiti asiyekuwa tayari kuyaeleza hayo kwa Kiswahili chepesi asishangae akikosa kuaminiwa.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa si kimelea kutoka maabarani, bali elimu kubaki humo. Nchini Tanzania, mkoani Kagera, vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinin vimethibitishwa, na usugu huo husafiri kwa njia hiyo hiyo ya gametosaiti. Ipo primakwini: dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ambayo Shirika la Afya Duniani hupendekeza iongezwe kwenye dawa mseto katika maeneo yenye maambukizi machache. Haifai kwa wajawazito wala watoto wachanga, na mgonjwa asijinunulie. Lakini mjadala wa kuitumia kwa upana zaidi hauna budi kufika zahanati.

Wakati tukiusubiri, tuwe na desturi ya kumwambia kila anayepona: endelea kulala ndani ya chandarua. Safari hii humkingi mbu asikuambukize wewe tu. Unamzuia asichukue kwako cha kumpelekea mtoto wa jirani.