Mbebee Tenga Kwanza

Mwaka jana, jioni moja, kijana wa kidato cha tatu alinijia nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kusema neno mpaka chai yake ikapoa. Kilichomleta ni rafiki yake. Wamesoma pamoja tangu darasa la kwanza, wamekula pamoja, wamechapwa pamoja. Sasa mwenzake amekuwa mtu wa mashine, zile za kamari zinazomeza sarafu nje ya maduka. Anakopa halipi. Akiulizwa, anamgeuza muulizaji kuwa kichekesho mbele ya darasa zima. Kwao ni huko juu Choma, kwenye milima ya Uluguru; mama yake huteremka na mboga na stroberi kuuza mjini Morogoro, na huyo mwanawe mara mbili amechota hela ya mauzo.

"Babu, nimechoka naye," aliniambia. "Nimwache, au nimpashe mbele ya watu aone aibu?"

Nilimjibu kwa kirefu, na jibu hilo nawaletea nyinyi vijana wengine, maana najua hayuko peke yake.

Kumpasha mtu mbele ya watu nimewahi kufanya, na nikajuta. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Rafiki yangu alikuwa ameanza kuvuta bangi na kutoroka shule, nami nikamsema ukingoni mwa Mto Morogoro, mahali tulipokuwa tukifulia sare, mbele ya wenzetu saba. Kila nililolisema lilikuwa kweli. Yeye alichukua shati lake likiwa bado bichi, akalivaa, akafunga vifungo vikapishana, akaondoka hivyo hivyo. Tangu siku ile aliandamana na wale tu wasiomuuliza kitu. Ukweli nilikuwa nao. Haki ya kuusema sikuwa nayo, kwa sababu miezi yote ile alipokuwa anazama sikuwahi hata kwenda kwao kumwuliza anaendeleaje.

Haki hiyo inatoka wapi? Watu wa milima hii wanalo jibu la zamani, nalo ni utani. Msiudhani kuwa ni vichekesho vya kuchangamsha msiba. Mluguru anazaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, na ukoo huo una koo nyingine zilizo watani wake. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hana: atakuambia hadharani kuwa wewe ni mchoyo, mvivu, mlevi, nawe huna pa kukasirikia. Mtaalamu wa Kimarekani, James Christensen, alipoandika juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963 aliutaja wajibu katika kichwa chenyewe cha makala yake, na alifanya vyema. Mtani huyo huyo anayekusimanga ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi siku unapofiwa. Ulimi wake umelipiwa kwa jasho lake. Asiyechimba, anyamaze.

Tena milima hii ina kumbukumbu nyingine, yenye uchungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unaporomoka kwenda mtoni, na kweli ulikuwa unaporomoka. Ikawaamuru watu kuchimba matuta ya ngazi, kwa zamu za lazima, na asiyetii akaadhibiwa. Wenye mashamba hawakuulizwa. Kumbe sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Jembe lilipozama kukata ngazi lilifukua udongo uliokufa, na mazao yakadhoofu. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa naye. Yapata miaka hamsini baadaye wakulima wa Kibungo Juu, katika milima ile ile, walichimba matuta ya ngazi chini ya mradi wa mashirika ya CARE na WWF. Safari hii walikuwa wameonyeshwa namna, wakasikilizwa, wakalipwa, kwa kuwa maji wanayoyalinda huingia Mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam.

Sasa mtazame rafiki yako. Katika umri wa miaka kumi na tano au kumi na sita heshima ya mtu ni tabaka jembamba kama udongo ule. Ukikata kwa nguvu, utafukua hasira peke yake, na hakuna kitakachoota hapo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mseme mkiwa wawili tu, wewe na yeye. Taja jambo moja, ulilolishuhudia kwa macho yako, siku uliyoliona. Usimrundikie makosa ya tangu darasa la nne, wala usijifiche nyuma ya "watu wanasema", maana hapo hatakusikia tena, ataanza kuwatafuta hao watu. Pesa usimkopeshe, na umwambie kwa nini. Akikuomba umdanganyie mama yake kwamba mlikuwa wote maktaba, kataa palepale. Uongo wa namna hiyo humshika mkono kumrudisha kwenye mashine. Na akikutania ili ukasirike, mwache acheke. Kicheko cha mwenye deni huwa kina woga ndani yake.

Lakini yapo makubwa kuliko kifua cha mtoto. Rafiki akitaja kujidhuru, akiingizwa kwenye dawa za kulevya, mtu mzima akimnyemelea, usijifungie na siri hiyo. Kwa Waluguru mjomba, kaka wa mama, ana sauti juu ya mpwa wake, mwendee. Ukikosa mtu mzima wa kumwamini, iko namba 116, ya simu kwa ajili ya watoto, nayo haina malipo. Rafiki yako atakununia, pengine mwaka mzima. Heri akununie akiwa hai.

Na wenye maduka, nawauliza: sheria yetu inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mtoto anapoinama juu ya mashine yenu amevaa sare ya shule, mnajifanya mnamtazama nani? Sarafu ile imetoka kwenye tenga la mama aliyeshuka mlima alfajiri kwa miguu.

Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hajui aanzie wapi. Nikamwambia: anza na tenga. Jumamosi tatu mfululizo alipanda mpaka kwa mama wa mwenzake kabla jua halijachomoza, akajitwika mzigo, wakashuka wote watatu kwenye njia ya mawe inayoteleza, bila kumgusia mwenzake chochote. Jumamosi ya nne, mama akiwa ametangulia mbele, alimwambia mwenzake:

"Jumatano nilikuona unatia sarafu, na zile zilikuwa za mama. Mimi sitakukopesha tena. Ila Jumamosi ijayo nitakuja kubeba."

Mwenzake hakujibu. Alitua tenga chini, akaikunjua ngata, akaikunja upya taratibu kama mtu mwenye kazi ngumu mikononi, kisha akaomba asaidiwe kujitwika. Walishuka mpaka mjini hawajasemezana.

Wiki iliyofuata yule kijana alipofika juu, kungali giza, alikuta matenga mawili yamefungwa tayari, na mwenzake amekaa juu ya jiwe anamsubiri.